Maji Yatafika Hapa

Juzi bomba letu hapa Buruburu lilikuwa limekauka kwa siku kadhaa, kama kawaida yake. Asubuhi kijana wa jirani akaniita dirishani: "Mzee, maji imefika! Leta mtungi, ama unangoja uletewe kitandani?" Nilishika mtungi, halafu nikasimama tu jikoni, nisijue ninataka kufanya nini. Neno hilo, kufika, bado hunichanganya.

Unajua, rafiki yangu, likizo zangu zote za utoto nilizimalizia Ukambani kwa nyanya, bondeni karibu na mto. Asubuhi ilinuka moshi na uji wa wimbi. Nyanya alibeba maji mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, nami nikamfuata na kibuyu changu, nusu nikiimwaga njiani. Jioni tulichambua mbaazi huku vyura wakituzidi kelele.

Ndipo akaja mpimaji wa bwawa la umeme lililopangwa kujengwa pale mtoni. Akapigilia kigingi chekundu mteremkoni, juu kidogo ya nyumba, akasema, "Mama, maji yatafika hapa." Nyanya hakujua Kiswahili. Mimi, mwanafunzi wa Nairobi, nikamtafsiria kwa Kikamba, kifua mbele: "Anasema tutaletewa maji mpaka hapa."

Nyanya akapiga vigelegele. Tangu siku hiyo alikilinda kigingi kile. Mbuzi akijikuna hapo, alirushiwa kijiti. Akachimba mashimo ya migomba pembeni yake. Majirani walipokwenda kwa chifu kuomba mashamba mapya, aliwacheka: "Mnakimbia wapi na maji yanakuja?"

Mwishowe jirani mmoja akaja, akatazama mashimo yale, akashika kiuno. "Mama, hicho kigingi ni ukingo wa ziwa! Nyumba yako iko chini yake!"

Nyanya akanigeukia. "Si ulisema tunaletewa?"

"Ndivyo alivyosema," nikajibu, na nikashikilia hapo hapo.

Waliowahi kwa chifu walipata mashamba upande wa chini wa ukuta wa bwawa, penye mifereji ya kumwagilia. Nyanya alipata kilima cha mawe. Nyaya za umeme zilipita juu ya paa lake bila kutua, zikaja mpaka Nairobi, na mimi nikasomea mwanga wake hadi nikamaliza sekondari. Nishukuru, au nifanye nini? Mpaka leo sijui.

Kila likizo baada ya hapo aliniuliza, akikoroga uji, bila hasira: "Hebu niambie, yule bwana alisemaje hasa?" Nami kila mara nilimjibu tofauti kidogo, nikitafuta jibu la kunitoa makosani. Sasa bonde limezama, nyanya ameshakwenda, na hata maneno ya mpimaji niliyokuandikia hapa nimeyageuza mara nyingi mno. Siwezi kuapa kwamba ndiyo aliyoyasema.