Hilda Haverclough Ampandisha Kaka Yake Mlimani

Hilda Haverclough akishika jambo haliachii. Tulifuma pamoja kiwandani Lancashire hadi tukastaafu. Mashine zilipiga kelele hata husikii kikohozi chako mwenyewe, tukazoea kusomana midomo. Ole wako umsengenye Hilda ukiwa upande wa pili wa ukumbi!

Kaka yake, Clifford, alifia Kanada, na ombi lake la mwisho lilikuwa arudishwe Haverclough, shamba la milimani Yorkshire walikotoka mababu zao. Hakuwahi hata kulitia machoni. Majivu yalipofika Hilda akayatia kwenye kopo la biskuti, akaja kunigongea.

"Enid, washa gari."

"Na hilo goti lako?"

"Goti halikualikwa."

Tukapanda, mvua ikitutwanga. Getini alisimama mwenye shamba, Sugden, mikono mifukoni. Tulipomweleza akakataa katakata: hapa malisho ya kondoo, si makaburini. Kisha akasogea kando, akamnong'oneza mbwa wake.

"Nani kizee king'ang'anizi?" Hilda akafoka. "Hebu rudia!"

Sugden akamtazama mbwa kana kwamba ndiye aliyemchongea. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia ukuta. Sugden naye akacheka, halafu akalegea kidogo.

"Mama, usinielewe vibaya. Kila kiangazi wanakuja, mara Australia, mara Kanada: 'Mimi Haverclough, hapa kwetu.' Lakini aliyebaki hapa hakuitwa hivyo hata siku moja. Wote walikuwa wa Haverclough, sasa wangetofautishwaje? Tuseme alikuwa Tom, basi. Akishuka bondeni kutafuta kazi, huko ndiko walikomwita Tom wa Haverclough. Hilo ni jina la walioondoka."

Nilipandwa na hasira. Mwanamke kabeba kaka yake mlima mzima, unamwambia maneno hayo? Maji ya mvua yalimchuruzika Hilda puani. Akalikumbatia kopo.

"Fungua geti," akasema. "Sishuki naye."

Walitazamana. Sugden akafungua.

Nyumba ya mababu ilikuwa imebaki kuta tu. Hilda akapiga magoti, na lile bovu pia, akafungua kopo. Nilivua kofia, nikijua atamtaja kaka yake kwa jina kamili, kama wafanyavyo kanisani. Akamwaga taratibu, upepo ukiwa mgongoni.

"Haya, Cliff," akasema. "Cliff tu. Umefika."