Mabenchi Yasiyo na Egemeo

Nauza mbao Kirumba, na watu wa Kirumba watakwambia mimi ni mkali. Ni kweli. Mtu akiniletea ubao mbichi akadai umekauka, nampa makavu hapo hapo mbele za wateja. Lakini kwa mama yangu sina ukali wowote. Mama anaishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, kwenye nyumba iliyo karibu na ziwa kiasi kwamba ukilala unasikia maji yakigonga mawe. Mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho, alikuwa mvuvi. Asubuhi moja mtumbwi wake ulionekana ukielea bila mtu, na yeye hakuonekana tena, wala mwili wake. Hatukuwa na kaburi la kulilia. Tangu siku hiyo mama hakulitazama ziwa. Alihamishia jiko nyuma ya nyumba, na akaacha kwenda popote penye watu, maana kule kwetu watu wakikusanyika, hukusanyika ufukweni.

Kwa hiyo niliposikia kijiji kinataka kujenga banda la mbao kilimani, kati ya yale mawe makubwa na miti, mahali pa watu kukaa kimya, kusali anayetaka, na kufanyia mikutano, nilifunga duka nikapanda feri. Niseme ukweli, sikwenda kwa ajili ya kijiji. Nilikwenda kwa ajili ya mama. Nilitaka akae tena na watu, basi.

Msanifu wa jengo alikuwa binti wa Bukoba anayefanya kazi mjini, mpole, wa kusema "samahani" kabla ya kila neno. Tuligombana siku ya kwanza. Miti ya kijiji, misindano ya kukata mbao, ilikuwa imekomaa, na wanakijiji walikubaliana kwamba kila mmoja unaokatwa, miche miwili inapandwa siku hiyo hiyo. Hilo nililipenda. Nimeona vilima vingi vikibaki vipara kwa sababu ya biashara yangu hii hii. Lakini niliposema nguzo tuzipake oili chafu kama wafanyavyo watu wote, alikataa. Alisema mvua itaiosha oili yote iteremke ziwani.

"Mwanangu, mchwa wa huku unawajua?" nilimuuliza.

"Samahani, mama. Nguzo tutazisimamisha juu ya mawe. Hazitagusa udongo."

Niliguna. Nikazunguka kilima kizima nikitafuta kosa lake, sikuliona. Mawe tunayo ya kumwaga. Nguzo zikakaa juu ya mawe, paa likawa la vibao vyembamba vilivyopandana, kuta hakuna kabisa, na viungo vingi vikashikwa na vigingi vya mbao badala ya misumari. Upepo wa ziwa ulipita humo ndani taratibu. Harufu ya mbao naivuta kila siku ya Mungu, lakini siku ile nilisimama pale kama mtu aliyeinusa mara ya kwanza.

Ugomvi wenyewe hasa ulikuja kwenye mabenchi. Katika mchoro wake yote yalielekea ziwani, na kila moja lilikuwa na egemeo zuri la kupumzisha mgongo. Binti alitaka watu wakae, watazame maji, akili itulie. Nikapandisha mori. Nikamwambia hapa kwetu hakuna mtu anayekaa akaipa njia mgongo. Utamjuaje anayekuja? Mzee atafika nyuma yako, utamsalimia kwa kisogo? Wazee waliokuwepo wakaitikia, "Kweli kabisa." Nilisema yote hayo, na yote yalikuwa kweli, ila moyoni nilikuwa na neno moja tu: mkiyaelekeza ziwani, mama yangu hatakanyaga hapa.

Sijui binti aliona nini usoni mwangu. Jioni alikuja nyumbani, akamkuta mama nyuma ya nyumba anachambua maharage, ameligeuzia ziwa mgongo. Akavuta kigoda, wakachambua pamoja. Hakuuliza kitu. Kesho yake alifuta maegemeo yote kwenye mchoro. Yakabaki mabenchi mapana, ya bapa, kila mtu akae upande autakao.

"Samahani, mama," aliniambia, "sikuwa nimefikiria."

Nikamwambia aache kuomba samahani, atanimaliza. Nilimpenda tangu hapo.

Basi, banda likafunguliwa. Wee! Ukimya gani? Tumekaa, tumefumba macho, anaingia bibi mmoja. "Hamjambo humu?" "Hatujambo, shikamoo!" "Marahaba. Mmeamkaje? Na watoto?" Anashika mikono kuanzia benchi la kwanza hadi la mwisho. Tukianza kutulia, anaingia mwingine, na ng'ombe wake wamezaa, lazima aseme. Binti msanifu alikuwa amefumba macho kwa adabu zote, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Na huwezi kumwambia mtu wa kwetu apite mbele za watu bila kusalimia, wataanza kumwona mchawi. Ikabidi tuweke utaratibu: salamu zote zinamalizikia chini, kwenye jiwe moja bapa kando ya njia. Shikamoo zako, habari za ng'ombe, habari za mgonjwa, zote pale. Ukishapanda, mdomo umefungwa. Watu walikubali, na wengine nadhani huja kwa ajili ya lile jiwe tu.

Mama akaanza kuja. Mara ya kwanza nilimshika mkono, akapanda kilima akitazama miguu yake. Alikaa upande wa njia, mgongo ziwani, kitenge begani, akatulia kati ya wenzake. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Baadaye nikawa navuka kila Jumapili na kumkuta ameshafika mwenyewe, ameshamaliza salamu zake kwenye jiwe. Sikuthubutu kuomba zaidi. Nilijiambia, mwanamke, umepata ulichokitaka, nyamaza.

Jumapili moja mvua ilikuwa imekatika na miti bado inadondosha matone. Tulikuwa tumekaa, hakuna anayekohoa. Nikahisi benchi likitikisika. Mama alikuwa ameinua mguu mmoja akauvusha upande wa pili, akashika bega langu, akavusha na mwingine, mpaka akawa amegeuka kabisa. Roho ilinipaa. Nilitaka kumwambia, mama, acha, si lazima. Alilitazama ziwa kwa muda mrefu, lote, kutoka majabali ya karibu hadi kule maji yanakoishia machoni. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Kisha akafungua mdomo, macho bado yako majini, humo humo ndani tulimopiga marufuku salamu, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, ile anayotuitikia sisi wanawe tukifika nyumbani:

"Marahaba, mwanangu."