Mikono ya Mama na Ngozi Yangu

Mama akishapima kituoni majani chai aliyochuma Jumamosi, ilikuwa zamu yangu. Alinisimamisha ndani ya karai nyuma ya jikoni: maji ya moto kweli kweli, sabuni ya kipande na gunzi la mahindi. Ngozi yangu ilikuwa mbaya, wacha niseme tu. Ilipauka hadi nikijikuna naacha mistari myeupe, na nyuma ya magoti ilipasuka ikatoa maji. Mama aliamini ni uchafu sugu. Mtoto wake aende kanisani na miguu ya majivu, watu waseme nini? Basi alisugua. Nililia mpaka majirani wakajua ni saa tisa. Naye aliimba juu ya kilio changu, kisha akanipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, kidogo tu, kwa sababu ng'ombe naye alikuwa na haki yake.

Na bado, haki ya Mungu, nazikumbuka Jumamosi hizo kwa hamu. Siku zingine mikono ya mama ilikuwa ya chai tangu umande. Siku hiyo ilikuwa yangu peke yangu, hata kama imeshika gunzi.

Sasa binti yangu ana miezi minane, na ngozi ameirithi kwangu. Juzi nilimpeleka kliniki huko Longisa, mama akiwa amembeba.

Muuguzi alikuwa na subira. Alisema ngozi ina mafuta yake yenyewe, yanaitwa seramidi, yanayojaza nafasi kati ya seli jinsi udongo unavyojaza kati ya fito za nyumba. Yakipungua, maji ya mwili yanatoka na vitu vya kuwasha vinaingia. Kuna watoto ambao ngozi yao ina upungufu wa mafuta hayo. Hao, maji ya moto, sabuni kali na kusuguliwa huwamalizia hata hayo kidogo. Akaniandikia losheni yenye seramidi, mtoto apakwe mara tu akitoka majini, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Nilitamani anyamaze. Mama alikuwa kando yangu akisikia yote.

Tulipofika nyumbani, aliniambia nimwoshe mtoto mwenyewe. Tangu azaliwe, kumwosha ni kazi ya mama, kogo wake, na hatukuwa tumewahi kubishana. Eti ana kazi shambani. Hakuwa na kazi yoyote shambani. Niliogopa: nikimwachilia mama leo, hatamshika huyu mtoto tena. Nilitayarisha maji ya vuguvugu. Mama akabaki mlangoni, ameketi kigodani.

"Kumbe ulikuwa unalia kwa uchungu?"

"Mama, hayo nilishasahau."

"Nilidhani ni ukaidi."

Nilimtoa mtoto majini, nikamweka mapajani mwa mama bila kumwuliza, nikammiminia mtoto losheni miguuni. Mama aliangalia viganja vyake, vilivyokauka kwa miaka ya kuchuma chai, akasema vitamchubua. Halafu akakunja vidole, akampaka kwa mgongo wa mkono, polepole, hadi kwenye mikunjo ya magoti.

Alipomaliza alinirudishia mtoto. Kisha akauvuta mkono wangu, akapandisha mkono wa sweta, akaanza kunipaka na mimi. Nina miaka thelathini na tisa. Nilimwachia.