Kadi ya Bhoke ya Alhamisi

Mpaka leo nikimwona Mama Bhoke pale Mwisenge navuka barabara, lakini acha niwaambie mcheke yaishe.

Darasani kwangu la tatu kuna huyo Bhoke, alikuwaga hatulii hata dakika mbili, basi nikamtenga dawati la peke yake na kumfungulia kadi ya tabia: kila siku mwisho wa vipindi nampa alama, sifuri mpaka kumi, kwa kukaa kwenye kiti na kunyoosha mkono kabla ya kusema. Akipata nane kwenda juu wiki nzima, anarudi kukaa na rafiki yake. Mtoto akajikaza kweli (Jumatatu tisa, Jumanne nane, Jumatano tisa). Mimi sasa, Alhamisi nina ruhusa ya kwenda Bunda kwenye sendofu ya mdogo wangu anayeolewa, nikaona uvivu kumweleza mwenzangu habari za kadi, nikaijaza Alhamisi siku hiyohiyo ya Jumatano. Kumi. Na maelezo juu yake: "Leo ametulia vipindi vyote."

Ijumaa asubuhi kikao cha wazazi, mwalimu mkuu akataka niisome kadi iwe mfano, nami kwa kupenda sifa nikasimama nikaisoma kwa madaha. Nilipofika Alhamisi, Mama Bhoke akanyoosha mkono taratibu.

"Samahani madam, Alhamisi tulikuwa wote Mugeta, kumwona bibi yake anaumwa."

"Basi ndiyo maana alitulia," akasema mwalimu mkuu, na wazazi wakacheka mpaka baba mmoja akashika ukuta. Badala ya kunyamaza nikasema labda nilichanganya na Ijumaa (na Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo, hata saa nne haijafika).

Kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni mwalimu mkuu kusema kadi nzima haiaminiki, ianze upya, na mtoto aliyetulia kweli akakaa peke yake wiki nyingine kwa makosa yangu. Nilimwomba Bhoke msamaha, akaniitikia tu, "Sawa madam."

Wiki iliyofuata akapata nane na tisa tupu, nikambebea begi mwenyewe mpaka kwa rafiki yake. Jioni akaniletea kikaratasi cha daftari, kakipiga mistari kama kadi yangu: "Madam. Kusema ukweli: 3. Atajitahidi."

Nimekibandika ndani ya kabati la darasa. Sijazi tena kadi ya siku ambayo haijaisha. Juzi nilimwomba Bhoke aniongezee alama, akaniambia tusubiri kwanza wiki iishe.