Mbio za Mtoni na Mtani wa Kaka

Siku hizi nikikaa barazani naona watu wanapita mbio. Wana fulana za rangi moja, namba vifuani, chupa za maji mkononi. Mjukuu wangu huniambia, "Bibi, wale wanachangia wagonjwa." Mie humjibu kwamba hilo si geni. Sie tulishakimbia zamani, hapahapa Mtoni, tena kwa kanga na ndala, na wengine peku. Hanisadiki. Basi naandika. Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni na chaki mkononi, kwa hiyo nikipinda njiani mnivumilie, nitarudi.

Mama yangu alikuwaga na usemi wake, kwamba mwanamke akikimbia, ama anafukuzwa ama ameacha sufuria motoni. Siku ile alikimbia yeye mwenyewe. Lakini hilo bado. Ili muelewe tulikimbilia nini, nianze na kaka.

Kaka alikuwa mtoto wa kwanza kwetu, na kazi yake ukuli bandarini. Magunia hayabebwi kwa mabega tu, hubebwa na wimbo pia. Mmoja anaita, wenzake wanaitika, na mguu unafuata. Aliyekuwa akiita ni kaka. Mdomo wake ulikuwa mali ya nyumba nzima. Akirudi kazini tulijua kabla hajafika, maana jirani wa tatu alikuwa ameshaanza kucheka.

Kazini alikuwa na mwenzie Mnyamwezi. Sie Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo ya pembe za ndovu vichwani. Asiyeujua utani akiwasikia atadhani watu wanataka kutoana roho. Yule bwana alikuwa haingii kwetu kwa hodi. Anapita moja kwa moja hadi jikoni, anafunua sufuria, anatazama.

"Nyie Wazaramo, hata mchuzi wenu mvivu. Umelala chini kabisa ya sufuria."

Kaka anamjibu kutoka uani bila kugeuka, "Babu yako alileta mzigo pwani, akapotea njia ya kurudi. Mpaka leo sie tunalisha ukoo wake."

Na chakula anapewa, kikubwa kuliko cha wenyewe. Ndivyo utani ulivyo. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Alipofariki baba yetu, yule Mnyamwezi alilizuia jeneza mlangoni. Akasema mzee hajafa, anajifanya tu, anakwepa kumpa jogoo aliyemwahidi. Watu waliokuwa wanalia wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni, mama naye akacheka, na jogoo ikabidi atolewe ndipo baba akapita. Wageni wasioujua utani huu walishangaa. Mie nasema bila kicheko kile mama angeanguka palepale.

Sasa turudi. Siku moja fungu la magunia lililokuwa likiteremshwa kwa winchi liliyumba, likampiga kaka kichwani. Alilazwa hospitali kubwa mpaka nywele walizomnyoa zikaota tena. Aliporudi alikuja kwa miguu yake, hana kovu la kutisha, na mama akachinja kuku. Tulidhani mtu akishatembea amepona. Kumbe mwili ndio uliotangulia kufika, mwenyewe bado yuko njiani.

Alitia chumvi kwenye chai na akainywa. Alitumwa mafuta ya taa, akaonekana mbali huko Keko na chupa tupu, anauliza watu nyumba yake iko wapi. Mfuniko ukianguka, alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga kelele, yeye aliyekuwa akiimba katikati ya kelele za meli. Maneno yalimtoka moja moja. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu unalipata wewe umeshasahau swali. Na kucheka aliacha kabisa.

Watu wakasema mashetani. Nasema kweli, na sie tulisema hivyo. Akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya, na ngoma ya pepo ikapigwa. Ngoma, kwa mtu anayeumizwa na sauti. Alikimbilia chooni akajifungia, na mganga akatuambia hiyo ni dalili kwamba shetani ameogopa.

Yule mtani alikuja siku ya kwanza na mdomo wake uleule. Mama akamzuia mlangoni, kwa upole. "Baba, mwenzio sasa mgonjwa. Utani tuuweke pembeni mpaka apone." Sote tuliona ni neno la busara, na yeye alilipokea. Tangu siku ile akawa anapiga hodi. Anamwamkia mama shikamoo, anakaa ukingoni mwa kiti, anamwambia kaka, "Pole sana, bwana," kama anasema na karani. Sufuria haigusi. Kaka anamtazama kidogo, halafu anageukia ukuta. Sie tukaona ni ugonjwa huo.

Mjomba wetu wa Chanika, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kauli kwetu baada ya baba. Alikuja akamtazama kaka mchana mzima, jioni akatuita.

"Sikukuu ya Saba Saba nitakuwa hapa. Ikipita, naondoka naye," alisema. "Nimeshasimamisha kibanda kule shambani. Atakaa mbali na macho ya watu."

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa anachambua mchele. Akauacha. "Mjomba, mume wangu si mbuzi wa kufungwa shambani."

"Mwanangu, wewe kijana bado. Huyu hakai na watu tena, anakaa karibu nao tu. Utazeeka na gogo."

"Basi nipeleke na mie nikawe gogo la pili."

Mjomba hakukasirika. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria vibaya. Alisema, "Nionyesheni siku moja tu amekaa na watu kama mtu. Moja. Nitabomoa kibanda changu mwenyewe." Mama alinyamaza, na kwa mama kunyamaza kulikuwa kukubali. Usiku ule hatukumsikia wifi akilia. Tulimsikia akipepeta mchele tena, mchele uliokwishapepetwa.

Sasa mbio. Palikuwa na dada muuguzi kwenye zahanati yetu, mwembamba, kazi yake kuzunguka nyumba kwa nyumba. Ndiye aliyegundua kwamba kaka hakuwa peke yake. Alikuwako fundi cherehani aliyegongwa na lori, asiyeweza tena kupenyeza uzi. Alikuwako binti aliyeangukiwa na ukingo wa shimo la mchanga. Na mdogo wake Mhindi wa duka la pembeni, aliyeteleza juu ya bati, naye alifichwa chumba cha nyuma, sie tunanunua chumvi mbele hatuna habari. Kila nyumba ilidhani balaa ni lake yenyewe. Muuguzi alisema hawa si wendawazimu, wameumia ubongo, na mtu akiumia ubongo anachoka na anatumia vitu kuliko nyumba inavyoweza: sabuni, shuka, uji wa kila mara.

Siku zile sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Muuguzi akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu wa Mbagala akiwa Mtoni. Balozi akasema Saba Saba watu wote wako nyumbani, basi tupige mchakamchaka, mbio za kuimba na kuitikia, nyumba kwa nyumba, baba, mama na watoto, kila nyumba ikimbie na ilichonacho mkononi, tukakishushe kiwanja cha shule, wapewe wenye wagonjwa. Na wagonjwa wenyewe watangulie mbele.

Mama akasema kaka haendi. "Mchakamchaka ni kelele. Mnataka kuniulia mtoto?"

"Tutaimba taratibu," muuguzi akamwambia.

"Huyu balozi aimbe taratibu?"

Balozi akaapa ataimba kwa kunong'ona. Nadhani ndiyo siku pekee katika maisha yake.

Basi Saba Saba ikafika, tukatoka zahanati asubuhi, jua halijakaza. Mbele kaka, na wifi pembeni yake, kamfungia kifuko cha unga kwenye kipande cha kanga. Fundi cherehani kashikwa mkono na wanawe. Mwenye duka alifunga duka, akaja na mdogo wake na mche wa sabuni, kavaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'aa. Nikamwambia ataviharibu. Akasema, "Dada, vingine vimebana zaidi." Nyuma sie wengine, mama kakaza kanga kiunoni, mjomba akitembea kando ya barabara na fimbo yake kama mkaguzi, na makuli wa bandarini na vifuko vya mchele. Mtani wa kaka alikuwa kati yao.

Sasa fikirieni. Mchakamchaka watu wameuzoea, unatikisa ardhi. Sie tunakimbia polepole, mwendo wa wagonjwa, tunaitikia kwa kunong'ona. Watu waliokaa mabarazani wakatuona. Wengi, kimya, mwendo mmoja, wanawake na kanga, na mbele watu wanaoongozwa kwa mkono. Mzee mmoja akasimama akavua kofia. Wa pili akasimama. Redio ikazimwa. Mama mmoja akafunika kichwa. Barabara nzima ikatupisha kama inapisha jeneza, na hakuna kati yetu aliyejua namna ya kuwaambia kwamba hii si maiti, hii ni furaha.

Kaka aliona. Macho yake yalikuwa mazima, jamani. Alipunguza mwendo, akawatazama wale wazee, akatutazama sie.

"Nani... kafa?"

Wifi akamvuta mkono kidogo. Kaka akakaa chini, palepale mavumbini, kifuko cha unga mapajani, akainamisha kichwa. Mstari wote ukasimama. Mjomba akasogea, akamwambia mama kwa upole kabisa, "Dada, unaona. Tumwache apumzike, kesho asubuhi tutaondoka." Mama akajifuta uso na ncha ya kanga. Wifi alikuwa amepiga magoti, anamwambia kaka maneno sikioni, na kaka hanyanyui kichwa.

Ndipo mtani alipotoka kwenye mstari. Alimpita muuguzi, akampita mjomba, akasimama juu ya kaka, kifuko cha mchele begani.

"Unauliza nani kafa? Umekufa wewe," alisema. "Tunakupeleka kukuzika. Na kwa uvivu wa Kizaramo, hata maziko yako mwenyewe umeyakalia chini."

Mama akasema, "We baba. Si tulikukataza?"

"Mama," akamjibu, na mara hii hakuwa anatania, "mzee nilimtania yumo ndani ya sanda, ukacheka. Huyu anapumua. Kwa nini maiti apate haki yake, huyu akose?"

Tulikuwa tumemnyima kaka kile ambacho kwetu hata maiti hakosi.

Tukamngoja kaka. Wale wazee wa barazani nao wakangoja, kofia mikononi, hawaelewi. Mtani alisimama tu, hakurudia, hakumsaidia. Alikuwa anajua kungoja, alishangoja meli ngapi. Nikaona midomo ya kaka inatafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo ndani ya kibindo.

"Kama... nimekufa mie," alisema, "leo... utakula... kwa nani?"

Aliyeanza kucheka ni mwenye duka, tena kwa sauti. Halafu makuli wote. Halafu mama, mkono mdomoni, vilevile kama siku ya jeneza la baba. Kelele zikapanda, nikageuka haraka kumtazama kaka, nikijua zitamuumiza. Na ni kweli alifumba macho, akashika kichwa. Muuguzi akanyanyua mkono, watu wakanyamaza. Lakini kaka alikuwa hajamaliza. Akainua kile kifuko cha unga, akamnyooshea mtani.

"Beba. Babu yako... alibeba."

Mnyamwezi akakiweka juu ya mchele wake bila neno. Akatoa mkono mwingine, kaka akaushika, akasimama.

Wenzetu wakatupita, sie tukafika kiwanja cha shule wa mwisho kabisa, kwa kutembea. Vitu vilikuwa vimeshashushwa, sabuni na shuka na sukari iliyofungwa kwa gazeti, balozi amesharudiwa na sauti yake. Wale wazee wa barazani nao walitufuata, na mmoja alileta mkeka wake mpya, akasema ameshindwa kukaa baada ya kujua kumbe hakuna msiba.

Sitasema kaka alipona. Hakupona. Bandarini hakurudi, na mafuta ya taa hakutumwa tena peke yake. Wapo walioacha kusema mashetani, wapo walioendelea. Mbio zile tulizirudia Saba Saba iliyofuata, halafu muuguzi akahamishiwa bara, balozi akaumwa miguu, zikafa. Mnajua mambo yanavyokwenda.

Ila jioni ya siku ile nataka niimalize. Mjomba alikuwa amekaa uani na kitambaa alichokuja nacho cha kufungia nguo za kaka. Mtani akaja. Hakupiga hodi. Akapita hadi jikoni, akafunua sufuria.

"Bado umelala," akasema. "Mchuzi wa nyumba hii tangu niuache haujageuka hata ubavu."

Tukamtazama kaka. Kimya. Mtani akapakuliwa, akala, akanawa, akamuaga mama. Mjomba hajainuka, kitambaa miguuni. Mtani alikuwa ameshavuka mtaro, anashika barabara, sauti ya kaka ilipotoka ndani, taratibu, neno baada ya neno:

"Umelala... kwa sababu... umekuona wewe... ukija."

Mnyamwezi akasimama. Akarudi hadi mlangoni, akasema hakusikia vizuri, arudiwe. Na kaka akarudia. Mjomba akakunja kile kitambaa kikawa kidogo, akakitia mfukoni, akamwambia wifi kama bado kuna wali, na yeye apakuliwe.