Mwenye Kichwa Aulizwe

Bi Chanuo alikuwa na mkono mwepesi kuliko unyoya, na anayebisha amuulize yule mama aliyekuja kusukwa akiwa na mimba changa, akasinzia, akaamka mistari imekwisha na mtoto anatambaa. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na hakuna mteja aliyethubutu kumbishia wakati bado ameshikwa nywele.

Miaka arobaini alisuka katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na kioo chenye ufa, kopo la mafuta, mafungu ya rasta yakining'inia kwenye misumari, na kigoda kifupi alichochongewa na marehemu mumewe. Mteja alikaa kigodani, Bi Chanuo kwenye kiti nyuma yake, kichwa katikati ya magoti. Watoto waliletwa wakilia, na kwao alikuwa na neno moja tu: "Tulia!" Magoti yakabana. Hakuna mtoto aliyewahi kumponyoka, na mama zao walimsifu kwa hilo.

Kichwa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mjukuu wake, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi shavuni. Mama yake alifanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hiyo mtoto alishinda kwa bibi, na kila Jumamosi alisukwa huku akisimuliwa habari za chawa aliyejenga ghorofa kichwani mwa mfalme. Hadithi ile haikuwa na mwisho. Wiki hii chawa anavuta bomba la maji, wiki ijayo anagombana na mpangaji wake, kiroboto.

"Bibi, kwani mfalme hasikii nyundo?"

"Mfalme ana mambo mengi, mjukuu wangu. Tulia."

Jumamosi moja, Kidoti akiwa na miaka minane, kichwa ameinamisha na uso hauonekani, alisema, "Bibi, sitaki mwalimu wa tuisheni aje tena."

Mwalimu huyo alikuwa jirani, mpole, mbeba mizigo ya wazee. Mtaa mzima ulimpenda. "Nani aliwahi kuyataka masomo?" Bi Chanuo akajibu. "Tulia, utanipindisha mstari."

Jumamosi iliyofuata mtoto alisema tena. Bibi akamwambia tulia.

Mara ya tatu alisema kwa sauti ndogo sana, akaongeza jambo ambalo mtoto wa umri ule hawezi kulijua ila amefanyiwa. Chanuo likaanguka.

Kuanzia hapo bibi hakukosea. Hakumuuliza kama ana hakika. Hakumwambia anyamaze ili watu wasiaibike. Alizunguka mbele yake, akamwambia, "Nakuamini. Kosa si lako hata chembe." Akafunga mlango wa chumba cha kusukia, akampigia simu binti yake, na siku ileile wakaenda hospitali na polisi, mtoto akiwa nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mwalimu alishtakiwa, akafungwa. Mtaa ulinong'ona, ukachoka.

Lakini waliporudi nyumbani, Kidoti alifumua mistari yote, akachukua mkasi akajikata nywele mwenyewe, akavaa kofia ya sufu. "Usiniguse kichwa," alimwambia bibi.

Kila wiki alikwenda kuzungumza na mama mshauri pale hospitali. Siku moja Bi Chanuo akamvizia mshauri huyo mlangoni. "Mwanangu, hakuna dawa ya kumrudisha kigodani? Hata chungu nitamnywesha."

"Hakuna, mama. Mwili ni wake, na sasa anajifunza upya kwamba ni wake. Muulize kabla ya kumgusa. Akikataa, ukubali papo hapo, bila kununa."

"Hata kununa kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi nitanunia jikoni."

Na kweli jikoni alinuna, tena kwa machozi. Kisha akatoka, akakaa chini mbele ya mjukuu wake. "Uliniambia mara tatu. Nilipaswa kukusikia ya kwanza. Nisamehe." Kidoti akatazama ukuta. "Sawa," akasema. Kofia haikutoka.

Miezi ikapita. Kila Jumamosi Bi Chanuo alipangusa kigoda, akakaa nyuma yake na kungoja. Mikono ilimwasha kwa upweke. Alisuka pindo la pazia, akasuka nyuzi za ufagio wa kuondolea utando wa buibui, siku moja akajikuta amesuka kamba za viatu vya mteja, viatu vyote viwili pamoja. Alichokitamani hakikuwa kusuka. Alitamani ule uzito mdogo wa kichwa kikilalia goti bila woga. Chawa wa mfalme alibaki juu ya ghorofa, nyundo mkononi.

Siku moja mama mmoja alimburuta binti yake mpaka ndani. "Mbane, Bi Chanuo! Mbane kama ulivyonibana mimi!"

Bi Chanuo akatandaza magoti mbali. "Mwenye kichwa aulizwe. Mwanangu, unataka kusukwa?"

"Sitaki!"

"Haya, nenda kacheze."

"Makubwa! Tangu lini watoto wanaulizwa?"

"Tangu leo. Kaa wewe, nywele zako zinatisha kuku."

Nyuma ya pazia, Kidoti alikuwa amesimama akisikia yote.

Jumamosi iliyofuata alitokea mlangoni, kofia kichwani. "Bibi, naweza kukugusa kichwa?"

Bi Chanuo akainuka kitini. "Unaweza."

"Basi kaa kigodani."

Akakaa, magoti yakimfika masikioni. Kidoti akapanda kitini, akashika mvi, akavuta.

"Yalaa! Unaning'oa!"

Vidole vikasimama hapohapo. "Niache?"

"Usiache. Polepole tu." Bibi akapumua. "Hivi, yule chawa alifikia wapi?"

"Nyumba yake ilishika moto," Kidoti akasema. "Akamwita mfalme. Mara ya kwanza mfalme hakusikia. Ya pili hakusikia."

Bi Chanuo akayashika magoti yake mwenyewe. "Na ya tatu?"

"Alisikia. Akaja mbio mpaka taji likaanguka."

Mstari mmoja ulikwenda sikioni, mwingine ukashukia kwenye paji la uso, wa tatu ukapotea njiani. Mteja wa kwanza alipoingia alishika mbavu. "Bi Chanuo! Umepigana na paka?"

"Nimesukwa na fundi wangu. Na ujue hana nafasi mpaka mwezi ujao."

Chini ya kofia, Kidoti akacheka. Bibi yake akangoja kicheko kiishe chenyewe, mikono ameilaza mapajani.

"Na wewe, nikusuke?"

"Bado, Bibi."

"Haya."

Hakununa, hata jikoni. Alipangusa kigoda, akakirudisha mahali pake, kikitazama mlango.