Risper na Nyumba ya Madele

Risper alivaa viatu vyake vya safari, vile vyeusi alivyovitunza chini ya kitanda miaka miwili mizima, kwa sababu mwajiri wake, Madam Hala, alimwambia, "Leo wewe mgeni. Kazi mafi, hakuna." Zilibaki siku kumi na moja mkataba wake wa kazi za ndani uishe. Kwao Rongo alikuwa na mtoto, Velma, aliyemwacha hajaota meno na sasa anaimba kwenye simu. Kwa hiyo matembezi ya siku hiyo, kwenda kuzuru nyumba ya shamba, aliyachukulia kuwa ya kuagana. Hata begi lake liliingizwa kwenye buti, ati wakirudi wapitie mahali likapimwe uzito. Nani hupima begi siku kumi na moja kabla ya kusafiri? Lakini mwenye hamu ya kwao haulizi maswali ya namna hiyo.

Waliondoka Aziziya, Jeddah, wanawake watatu na dereva. Wa tatu alikuwa jirani, Bi Mwatima, ambaye wazazi wake walihama Unguja mwaka sitini na nne. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa madam tangu mwanzo, ndiye aliyembembeleza Risper alipolia wiki ya kwanza, na ndiye pekee mtaani aliyemwita mwanangu. Risper alimwamini kuliko ajenti aliyemleta. Najua hiyo si sifa kubwa, lakini alimwamini.

Nyumba yenyewe ilikuwa shambani, mbali na mji, ya mawe na roshani za mbao katikati ya mitende. Mwenye nyumba, bibi kizee mjane, alikuwa amekusanya kila kilichozeeka isipokuwa watu: madele ya kahawa mia tatu na ushee, majambia, mazulia, milango iliyong'olewa kwenye majumba yaliyobomolewa. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi cha kueleza kilikotoka. Na juu ya vyote, vumbi. Risper aliliona vumbi kabla ya kitu kingine chochote.

Katika chumba cha ndani, Bi Mwatima alisimama mbele ya sanduku lililopigwa misumari ya shaba, machozi yakimlengalenga.

"Hili la marehemu baba, Mzee Mselem," alisema. "Aliliweka hapa amana, mwezi mmoja tu, mpaka tupate nyumba. Hatukurejeshewa tena."

"Pole sana, mama," Risper alisema, akamshika mkono. Alimwonea huruma ya kweli.

Kahawa ilipoletwa, madam alimwashiria Risper amimine. Mgeni gani anayemimina kahawa? Hata hivyo alimimina, tena kama alivyofundishwa: dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kahawa kidogo tu ndani ya finjani, kuanzia kwa mkubwa, kisha kusimama pale mpaka kila mmoja atikise finjani yake kuonyesha kwamba ametosheka. Hakudondosha hata tone. Alijisikia fahari, alitaka madam amkumbuke kwa hilo. Bibi kizee alikuwa akiitazama mikono yake muda wote.

"Muulize kama ameipenda nyumba," bibi alimwambia Bi Mwatima.

Risper aliulizwa, akajibu kama watu wa kwao, ambao hawatoki kwa mtu bila kuisifu nyumba yake. "Mwambie ni nyumba poa sana, mama. Hapa mtu anaweza kukaa hata milele."

Bi Mwatima akasema kwa Kiarabu, macho chini, "Anasema anataka kubaki."

Miaka miwili katika jiko la Waarabu haipiti bure. Risper alielewa kila neno.

"Zii! Sijasema hivyo! Mimi naenda home!"

Lakini madam alikuwa ameshatoa karatasi mkobani, za kuhamisha ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi, pamoja na pasipoti yake, akampa bibi kizee, ambaye sasa ndiye kafili, mdhamini wake mpya.

"Miaka miwili mingine tu," madam alisema. "Halas, imekwisha."

Nje, dereva alifungua buti, akaliweka begi barazani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa hata siku moja kamili.

"Mama, ulijua?" Risper aliuliza.

"Nilijua, mwanangu. Kijana wangu Murad, kafili wake ni mume wa Hala. Akikasirika yule, mwanangu hana ikama. N'takwenda wapi miye?"

"Hiyo sanduku ya babako umeililia juu ya kuachwa hapa. Na mimi je?"

Bi Mwatima alivuta ushungi ukamfunika uso, akaingia garini. Hakugeuka.

Gari lilipotokomea mitendeni, bibi kizee alimletea Risper ndoo na kitambaa, akamwonyesha pa kuanzia. Risper alianza na sanduku la Mzee Mselem, viatu vya safari vikiwa bado mguuni.